Wiki ya Kujidhoofisha

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imekwisha kabisa. Mpango wangu umeanza! Mwezi wa Aprili, Danielle, muuguzi wa zahanati, alitupima sisi wazee wa Buterere kwa kile chombo cha kuminya kwa mkono. Nilipata kilo kumi na tisa. Akasema si neno: masika maji hujaa njiani, wazee hukaa ndani, misuli hulegea. Kiangazi tukitembea, nguvu zitapanda. Atapima tena Jumatatu ijayo, na mzee ambaye nguvu zake hazijapanda, Danielle atamtembelea nyumbani mara mbili kwa wiki, wafanye mazoezi pamoja.

Mara mbili kwa wiki! Tangu binti yangu Lisette ahamie Kigali, anayepiga hodi kwangu ni msoma mita tu. Basi, sitembei. Hata bidoni la maji nitajaza nusu.

Jumatano, 4 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi, hodi! Mama Scholastique, mjane wa nyumba ya pili. Eti Papa Lisette, njia imekauka, twende tutembee hadi kwenye mashamba ya mpunga. Nikamjibu dirishani kwamba apana, goti linauma. Akasema pole, atapita siku nyingine. Huyu mama ataniharibia kila kitu!

Mchana nimekula maharage na redio. Hayakuwa na chumvi, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Jumamosi, 7 Juni

Mucaka-mucaka, zile mbio za pamoja za Jumamosi, imepita na nyimbo zake, mtaa mzima unakimbia. Miguu yangu ikaanza kucheza yenyewe chini ya shuka. Nikaikalia. Mbele kabisa Rachidi, mstaafu wa posta, soksi nyeupe hadi magotini. Akapaza sauti kwamba mimi, Révérien, nimeota mizizi. Wakacheka wote, isipokuwa Mama Scholastique. Yeye alitazama dirisha langu. Nikajificha. Upweke upo, sikatai. Lakini zimebaki siku mbili!

Jumatatu, 9 Juni

Aibu! Rachidi alitangulia kupimwa. Akaminya kidogo tu: kumi na nane, zile zile alizopata Aprili. Mtu wa kukimbia! Kisha akanigeukia, mbele ya Mama Scholastique, akasema nikapumzike, chombo hiki si cha vikongwe. Kikongwe! Mi! Nikaminya hadi meno yakalia. Ishirini na saba! Danielle akapiga makofi, akafuta jina langu kwenye orodha ya kutembelewa. La Rachidi likaandikwa. Rachidi akanikonyeza, mnafiki yule. Mjanja kuliko mimi? Wapi! Bahati tu.

Jumanne, 10 Juni

Hodi tena. Mama Scholastique, na chupa ya chai. Akasema kwa mkono kama ule wa jana, goti nalo limepona bila shaka. Na yeye amechoka kutembea peke yake. Nikamweleza kwa upole kwamba haiwezekani. Danielle atapima tena Novemba, na safari hii lazima nianze kudhoofika mapema. Akanitazama sana. Akasema haya, Papa Lisette, hatanisumbua tena. Akaniachia chai, akaenda zake.

Chai tamu kweli. Alikuwa ameleta vikombe viwili. Nimeviosha vyote. Novemba si mbali.