Ombi la Kuingiza Boma Langu Kwenye Umoja, Pamoja na Bata

Cotul Rațelor,
Kando ya mto Prut, Moldova.
Tarehe 9 Novemba.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Ushirikiano na Majirani wa Mashariki na Kusini,
Makao Makuu ya Umoja.

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO, NA OMBI MOJA DOGO

Natumaini u mzima na familia yako. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hasira yenyewe inanichekesha, kwa hiyo naomba unisamehe mwandiko.

Naitwa Profira Gâscă, mjane wa miaka sabini na moja. Boma langu ni la mwisho kabla ya mto. Mto ukiisha, Umoja wako unaanza, na hapo hapo ukingoni anakaa dada yangu Zamfira, aliyeolewa ng'ambo mwaka tisini na mbili. Akikaanga vitunguu, harufu naipata mimi. Lakini nikitaka kuvila hivyo vitunguu, nizunguke hadi kwenye daraja la magari, kilomita tisini na nne, kwa mabasi mawili. Zamfira ana miaka sabini na sita, na magoti yake yamekwisha. Daktari amemkataza basi kabisa, maana hawezi kukaa saa nne amekunja miguu.

Tarehe 21 ni hram yetu, siku ya mtakatifu wa kijiji, ambapo kila nyumba hutandika meza na kungoja wageni wake. Tangu nizaliwe sijakosa kukaa na Zamfira kwenye meza hiyo hata mara moja. Mwaka huu nitamkosa. Ndiyo maana nakuandikia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Daraja. Miaka saba iliyopita mlituletea mpango wa Kuunganisha Kingo. Tulipiga vigelegele! Mpaka leo tumepokea bango lenye picha ya daraja (zuri sana, lina maua na mtoto ameshika puto), kalamu mia mbili, fulana kumi na nne za rangi ya chungwa, na mabenchi mawili, moja upande huu na moja upande ule. Daraja lenyewe bado liko kwenye mkakati. Basi mimi na Zamfira tunakaa kwenye mabenchi yenu tukitazamana na kupiga kelele. "Zamfiraaa! Umekunywa dawa?" "Nimekunywaaa! Na wewe tumbo limefunguka?" Mheshimiwa, sasa nchi mbili zinajua habari za tumbo langu.

2. Semina. Mlinialika hotelini mjini, mkaniketisha meza moja na Bi Zohra, mkulima wa Tunisia, jirani yenu wa kusini. Mama mcheshi huyo, tulipendana papo hapo. Mkatugawia vitabu vya mafunzo, ila mgawaji alivichanganya. Zohra akapewa cha kukinga miti ya plamu dhidi ya theluji, mimi cha kukausha tende jangwani. Tulipotaka kubadilishana tukaambiwa hapana, majina yameshasajiliwa. Mimi ni mtu wa kutii. Nimekausha plamu zangu kwa utaratibu wa tende, nimezifunika dhidi ya tufani la mchanga, na nimejaza fomu kwamba ngamia hawajanisumbua. Mkanitumia cheti cha Mshirika wa Mfano! Zohra naye anacho, kwa kufagia theluji ambayo haijawahi kuanguka kwao. Ananiambia kwa simu, "Shoga yangu, nyinyi wa mashariki angalau mnachumbiwa. Sisi wa kusini tunaletewa maua tu, halafu mchumba anakimbilia gari lake."

3. Mkaguzi. Mlimtuma Bwana Lennart, kijana mrefu, mpole, mwenye njaa. Kabla ya kula alinieleza kanuni yenu ya "zaidi kwa zaidi": mshirika anayefanya zaidi huongezewa zaidi. Nikamwambia hiyo tunayo siku nyingi. Nikampa sarmale, wali na nyama vilivyoviringishwa kwenye majani ya kabichi. Sasa, kwao sahani tupu ni asante. Kwetu sahani tupu ni aibu ya mwenye nyumba, maana yake mgeni bado ana njaa. Akamaliza, nikaongeza. Akamaliza, nikaongeza. Mara kumi na moja, Mheshimiwa! Yeye anaogopa kunivunjia heshima, mimi naogopa kusemwa na kijiji. Tukamlaza kwenye chumba kikubwa cha wageni siku mbili. Ripoti yake nimeisoma: "Eneo lina uwezo mkubwa wa kutoa, uwezo wa kupokea uchunguzwe." Neno moja kuhusu daraja? Hakuna.

4. Bata. Hili ndilo linaloniuma. Bata wangu tisa wanavuka kwenda Umojani kila asubuhi. Hawaulizwi pasi, hawaulizwi wanamtembelea nani. Wanataga kwa Zamfira, wanakula makombo ya Zamfira, jioni wanarudi wananipita bila hata salamu. Dada ni wangu mimi au ni wa bata?

5. Mtakatifu. Ng'ambo mtakatifu wetu huyu huyu husherehekewa kwa kalenda mpya, siku kumi na tatu kabla yetu. Kwa hiyo hram ya Zamfira ilikuwa jana, siku ambayo basi la pili halitembei, na alikaa kwenye benchi lenu peke yake na meza ya kukunja. Alininyanyulia kila sahani niione. "Hii ya jibini! Hii ya malenge! Kuku huyu, Profira, umemwona?" Nilimwona. Nilishangilia kila sahani kwa kupunga fulana yenu ya chungwa. Kisha nikaingia ndani nikalia, na kwa hilo sioni haya kukwambia.

Kwa kuwa daraja limeshindikana, naomba rasmi boma langu liingizwe kwenye Umoja lenyewe, bila kuingoja nchi. Masharti yote ninayo. Utawala wa sheria: bata bukini wangu Grigore anamdona kila aingiaye bila upendeleo, hata padri. Ushindani huru: nina paka wawili na ghala moja. Mpaka wa mashariki utakuwa geti langu, na ninaahidi kuulinda vikali. Mkiniingiza mimi, mto utakuwa wa ndani, na mto wa ndani mtu anauvuka kwa mtumbwi akiimba.

Kama hilo ni gumu, basi niandikisheni kama bata. Kuogelea najua.

Nisalimie wote ofisini, mwenye kugawa vitabu pia, simchukii. Msalimie sana Bwana Lennart na tumbo lake. Zamfira anakusalimu kutoka upande wako wa mto.

Wako mtiifu, aliyebaki ukingoni,
Profira Gâscă
Mshirika wa Mfano

Tanbihi: Mheshimiwa, posta yetu hufunguliwa mara mbili kwa wiki, kwa hiyo barua hii ililala mezani, na mambo yakatokea. Haralambie, seremala, jirani yangu wa upande wa mashariki, alisikia naingia Umojani. Akaja getini na chupa ya divai kama kila siku. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, baba. Wewe sasa utakuwa nje, lakini tutakuwa na ushirikiano. Kaa kwenye gogo hilo, ndilo benchi la mradi, nikupe kalamu." Akakaa. Akapokea kalamu, akauliza, "Profira, na hilo geti utalifungua lini?" Nikamjibu, "Liko kwenye mkakati." Lo! Nilijisikia mwenyewe, nikacheka mpaka nikashika nguzo, halafu nikaona aibu, nikamfungulia.

Ndipo akaniambia alichokuja kusema. Ameng'oa kiti cha mbele cha gari lake, na mahali pake ametandika godoro, ili Zamfira anyooshe miguu njia nzima. Siku moja kabla ya hram anakwenda kumchukua, kilomita tisini na nne kwenda na tisini na nne kurudi.

Kwa hiyo ombi la boma nalifuta, la bata pia. Bwana Lennart naye aje, ila mwambieni abakishe kidogo kwenye sahani. Na mkikagua ukingo msishtuke: benchi lenu Haralambie amelifungua misumari tukaliingiza ndani, maana mezani kwangu viti havitoshi.