Kochi Nililobeba Kumshinda Mwanyumba

Jumatatu, 3 Novemba

Mwanyumba katangaza. Nilijua tu atatangaza. Tumeoa nyumba moja, mimi nimeoa dada mtu, yeye kaoa mdogo mtu, na tangu siku ya posa yake sijamaliza juma bila kusimuliwa alichofanya. Jumapili anatimiza miaka hamsini. Mtu mzima mwingine angekata keki, akala, akalala. Yeye atakimbia kutoka shule yake ya udereva hadi hospitali, atapanda ngazi zote za jengo akiwa na tairi begani, kisha atapiga pushapu mbele ya wodi ya watoto. Watu wamchangie. Fedha zitanunua viti vya kulalia vya kina mama wanaouguza, maana sasa wanalala sakafuni, chini ya vitanda vya watoto wao.

Jambo jema. Sikatai. Ila mimi natimiza hamsini Jumamosi. Siku moja kabla yake! Ndicho kitu pekee nilichowahi kumtangulia, na hakuna aliyekikumbuka.

Mke wangu kasoma tangazo kwa sauti, kisha akalisoma tena. Kasema shemeji yake ana moyo. Nikauliza mimi je, nina nini. Kasema nina chai inapoa.

Na hilo la viti! Mimi ni fundi wa makochi. Karakana yangu iko barabara kuu, ina kibao, ina simu inayofanya kazi. Fundi mzima yumo ndani ya ukoo, naye anachangisha viti bila hata kunipigia. Dharau. Imeandikwa hapa ili isisahaulike.

Jumatano, 5 Novemba

Nimejaribu kukimbia. Nimefika kibandani kwa Fundi Redio, mlango wa tatu kutoka karakana. Fundi Redio kasema nilikimbia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha akakumbuka kwamba hakusahau.

Nikiwa nimeinama natafuta pumzi, nani akapita? Mwanyumba. Kaptura. Jasho la wastani tu. Watu wa barabarani wanampigia kelele, Injini! Injini! Ndilo jina lake siku hizi. Akasimama, akanipapasa mgongo, akanisihi niende taratibu, eti nisije nikajiumiza, watu wananihitaji. Kejeli za namna hiyo mtu hupata wapi muda wa kuzitunga?

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Kila mtu anaweza kukimbia. Kuku anakimbia. Nani anaweza kubeba kochi? Jumapili hiyohiyo nitabeba kochi la watu wawili mgongoni, kutoka karakana hadi hospitali, kisha niwaachie wodi ya watoto kama zawadi. Yeye atachangisha viti. Mimi nitafika na kiti chenyewe!

Nimemwambia mke wangu. Kauliza mgongo upi. Kanikumbusha mtungi wa gesi ulionitegua mgongo juzi. Nikaandika kwenye kundi la simu la familia kabla moyo haujapoa.

Mama mkwe kajibu! Kaniombea dua ndefu. Mama huyu hajawahi kujibu ujumbe wangu wowote, hata ule wa kumpa pole ya meno. Mwanyumba naye kaandika haraka, huyo ndiye mwanyumba wangu, na vidole gumba vingi. Wivu umemshika, naona.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejaribu kuliinua kochi. Limefika magotini. Mimi nimefika sakafuni.

Nimekaa juu yake nikafikiri. Kochi ni nini hasa? Nje ni kitambaa. Ndani ni mbao ngumu, springi, misumari na sponji. Maisha yangu yote ya kazi wateja wameniuliza rangi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mbao. Basi nani atajua?

Nimefunga mlango wa karakana. Mbao zote nje. Springi zote nje. Mahali pa fremu nimeweka maboksi ya karatasi ngumu niliyoyakunja na kuyabana kwa gundi, palipobaki nimejaza sponji mpaka pakavimba. Boksi moja lilipungua. Nimechukua lile kubwa lililokuwa chini ya kitanda, lenye vyombo vya wageni vya mke wangu. Vyombo nimevipumzisha mahali salama. Juu ya yote, mahameli nyekundu, vifungo vya dhahabu. Sijawahi kutengeneza kochi zuri namna hii.

Nimeliinua kwa mkono mmoja. Nimecheza nalo kidogo.

Fundi Redio akabisha hodi. Nikalitua, nikaanza kuhema. Akalitazama kwa heshima, akasema kweli nimeamua kufa.

Tahadhari: asiketi mtu. Nikifika nitasema linahitaji marekebisho madogo, nitarudi nalo nyumbani, na kina mama nitawapelekea la kweli nikipata nafasi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimetimiza hamsini. Mke wangu kanipa soksi. Mama mkwe kapiga simu asubuhi. Moyo ukaruka! Kumbe alitaka kujua kama ni kweli Injini anakula mayai mabichi.

Mchana, ujumbe wa mwanyumba. Kwanza pongezi. Pili, eti kesho kuna mvua kubwa, kwa nini tusisogeze hadi Jumapili ijayo, maana kochi likilowa ni hasara kwangu. Tatu, ana zawadi yangu ya kuzaliwa, atanipa hospitalini mbele ya watu. Mbele ya watu! Yaani hata hamsini yangu atapigiwa makofi yeye.

Habari ya mvua nimeielewa mara moja. Kaogopa. Nimemjibu kwamba wengine wetu hatuyeyuki.

Mke wangu kauliza kwa nini shemeji adanganye kuhusu mawingu wakati yanaonekana dirishani. Nimefunga pazia.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mambo yalivyokwenda, kwa usahihi:

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kochi mgongoni, watu barabarani, hatua nyepesi. Mwanamke mmoja wa dukani akaniita jembe. Nikajisahau, nikahamisha kochi bega kwa bega huku nikimpungia mkono. Akanitazama tena. Kuanzia hapo nikaamua kuguna kila nguzo ya umeme.

Kwenye kituo cha mafuta mvua ikaanza.

Sponji hunywa maji. Mimi ndiye ninayewaambia wateja hivyo kila siku, wasianike kochi nje, sponji hunywa! Nilipofika sokoni kochi lilikuwa limekunywa kuliko ng'ombe. Maboksi nayo yakalainika. Kochi likaanza kukunjika taratibu, likanishukia kichwani, mabegani, mpaka nikawa naona viatu vyangu tu. Watu wakawa wananiongoza kwa kelele. Kushoto, mzee! Kulia! Ukuta huo! Niliendelea kuguna, sasa bila kungoja nguzo.

Nikasikia sauti ya mwanyumba. Alikwishamaliza yake yote, mbio, ngazi na pushapu, akarudi mvuani kunipokea. Akataka kushika upande mmoja. Nikamwambia asithubutu. Basi akatembea kando yangu mpaka getini, kashika mwavuli juu ya kochi.

Tukafika. Wodi yote ilikuwa barazani. Vifijo! Wabeba wagonjwa wanne wakaja kunitua mzigo, wawili wakaukimbia. Walipaza sauti kwamba kochi hili si la binadamu mmoja. Na walisema kweli! Muuguzi mkuu wa wodi akafuta macho. Mama mkwe akanishika mkono, akaniita mwanangu. Kwa miaka yote ya ndoa ameniita baba fulani, ameniita fundi, ameniita huyo. Leo, mwanangu. Nilimtazama mwanyumba kuona kama amesikia. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote.

Hapo kalamu ingesimama. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama muda mrefu, na miguu yake haipendi baridi. Akasema basi aketi kidogo kwenye kazi ya mwanawe.

Nikapiga ukelele. Mwanyumba akadhani naogopea mama kulowa. Akasema ngoja, mama, niketi mimi kwanza nilikaushe kwa kaptura yangu, maana nimekwishalowa.

Akaketi.

Kochi lilimmeza. Zikabaki nje soli za viatu na mkono mmoja. Maji yakaruka kulia yakamwogesha mama mkwe, yakaruka kushoto yakajaza viatu vyeupe vya muuguzi mkuu. Mahameli ikapasuka kwa mlio mrefu, na kutoka tumboni mwa kochi likachungulia boksi lenye picha ya vikombe sita na birika. Mke wangu alilitambua papo hapo. Hakuuliza mbao ziko wapi. Aliuliza vyombo vyake viko wapi.

Walipomvuta mwanyumba kutoka humo alikuwa anacheka. Akasema bora atoe zawadi yangu sasa. Akatangaza, maji yakimchuruzika, kwamba viti vyote vya kina mama vitatengenezwa na karakana yangu. Alikwishapatana na muuguzi mkuu tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana hakunipigia, alitaka nishtuke siku ya hamsini yangu.

Nilishtuka.

Muuguzi mkuu alilitazama boksi. Akanitazama mimi. Akamwambia mwanyumba kwa upole kwamba kina mama wake wamechoka, hawezi kuwalaza juu ya karatasi, atatafuta fundi mwingine. Karakana yangu haina kazi nyingine ya maana mpaka mwaka mpya. Mke wangu anajua. Niliona akiangalia chini.

Mwanyumba akamsihi. Akasema anijaribu tu, mikono yangu ni mizuri nikiiacha ifanye kazi, na kila kiti atakikalia yeye mwenyewe kabla hakijaingia wodini. Muuguzi mkuu akafikiri, akakubali.

Watu wakapiga makofi. Wakampigia yeye.

Alhamisi, 27 Novemba

Viti vimekwisha. Mbao ngumu, springi mpya, kila kiungo nimekibana kwa skrubu. Kiti kinavutwa kinakuwa kitanda. Mwanyumba alikuja kila jioni baada ya wanafunzi wake wa udereva. Aliketi, akaruka, akalala, akajigeuza. Nilitega sikio nisikie hata mlio mmoja. Hakuna. Hata kama ningetaka kumwangusha, nisingeweza. Na nilitaka, juzi, kidogo.

Leo tumeviingiza wodini. Mama mmoja mwenye mtoto aliyetundikiwa dripu aliketi cha dirishani. Nikaanza kumweleza jinsi ya kukivuta. Kabla sijafika kwenye kishikio alikuwa amelala, mkono mmoja juu ya mguu wa mtoto. Nikakivuta mwenyewe polepole. Nikageukia dirishani nikapenga kamasi. Vumbi la mbao, bila shaka.

Muuguzi mkuu akanipa mkono, akasema kazi safi. Kisha akaomba wodi yote impigie makofi aliyevijaribu viti. Mlangoni wamebandika picha. Ni mwanyumba, kaketi, anatabasamu. Kiti ni changu! Unaona sehemu ndogo ya mkono wa kiti, ukisogea karibu.

Mama mkwe bado hajaniita tena mwanangu. Ila jana aliniruhusu niketi sebuleni kwake. Kiti cha plastiki.

Nilikuwa naondoka zangu kwa amani. Langoni nikakutana na mwanyumba, plasta mkononi, biskuti mdomoni. Kumbe leo asubuhi ametoa damu kwa ajili ya wodi ileile. Kimyakimya! Hakumwambia mtu. Mpaka ninafika nyumbani mke wangu alikuwa amekwishasikia kutoka kwa mdogo wake, tena kasema shemeji yake ana moyo.

Nilirudi hospitali. Nikamwuliza dada mmoja wa kitengo cha damu kama mtu anaweza kutoa mifuko miwili. Akasema haiwezekani. Nikauliza je, mmoja hapa asubuhi na mwingine hospitali nyingine jioni. Akaniuliza kama si mimi yule wa kochi.

Niliaga. Nimefikiri tu njia nzima. Damu, ukiichunguza, sehemu kubwa ni maji. Mtu akinywa ya kutosha kabla ya kwenda, mfuko wake mmoja lazima uvimbe kuliko wa mwanyumba. Nani atajua?

Nimeanza. Hili ni jagi la pili. Mke wangu kauliza nina nini. Nimemwambia nina kiu.