Njiti Iliyoitetea Uganda Pale Nateete

Tegeni masikio, enyi wana na wajukuu wa Nateete, mpate habari za Tajudin bin Nasser, simba wa chumvi na sabuni, aliyeitetea Uganda kwa njiti moja ya kiberiti, katika zama zile wanajeshi walipotawala na sukari ikabaki kuwa hadithi.

Asubuhi ile ya mvua Tajudin alisimama barazani pa duka lake sokoni akahutubu, kama kawaida yake. "Taifa gani lishindane nasi? Kiberiti chetu, ewe Barnabé, huwaka hata ndani ya gharika."

Barnabé, fundi cherehani kutoka Zaire, mwenye nywele nyingi kama kichaka, hakuinua hata macho. "Papa Taju, ya kwetu inawaka bila kukwaruza."

Hapo akatokea Sajenti Ogwal, sigara isiyowashwa mdomoni, bunduki begani, lori likinguruma nyuma yake. Majigambo yote alikuwa ameyasikia.

"Mzee, washa," akasema. "Kiberiti ya Uganda ikikataa, ni wewe umeharibu. Utapanda lori."

Lahaula! Waliopanda lori lile hawakurudi kusimulia. Tajudin akachomoa njiti ya kwanza, ikavunjika. Ya pili ikatoa moshi, ikajifia zake. Mvua ilikuwa imelilowesha ghala lake lote la silaha. Shujaa akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Ndipo akakumbuka mbinu ya kina mama jikoni: njiti yenye unyevu husuguliwa kwenye nywele ikakauka. Akaivua kofia kwa mkono wa jemadari. Ole wake, chini ya kofia palikuwa na upara mtupu.

Akamgeukia Barnabé. "Ndugu yangu," akanena kwa sauti ndogo, "niazime kichwa."

Barnabé angeweza kucheka. Angeweza kulipiza kisasi cha majigambo ya miaka yote. Aliinama tu. Tajudin akaisugua njiti katika kichaka kile, polepole, akisoma bismillahi, kisha akaikwaruza. Ikawaka.

Ogwal akavuta moshi wake, akaridhika. "Uganda nambari moja," akasema, akaondoka na lori tupu.

Soko zima likapiga vigelegele. Barnabé akajipapasa kichwa. "Sasa, Papa Taju, imewaka ya nani?"

Tajudin akamshika mkono asimwachie. Basi na ikumbukwe vizazi kwa vizazi: siku ile Uganda iliyashinda mataifa yote ya dunia, juu ya kichwa cha mtu wa Zaire.