Kanuni ya Benchi

Wazo lilimjia Kotekote siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa kwenye kiti cha kinyozi na barua mbili mkononi. Barua ya kwanza ilitoka chuo kikuu, ikimwomba mwajiri wake amruhusu kuhudhuria vipindi. Ya pili ilitoka kwa mwajiri, ikikiomba chuo kimvumilie pale atakapokosa vipindi kwa sababu ya kazi. Zote zilikuwa na mihuri halali, na zote zilimtaja kwa heshima ambayo hata nyumbani kwao hakuwahi kuipata. Hakuna iliyotaja siku wala saa. Mwingine angeziona barua hizo akaufikiria mzigo wa kufanya kazi huku unasoma, akaugua. Kotekote aliona kwamba zote mbili zikipelekwa asubuhi moja, kuna mtu ambaye hatakiwi kuwa popote.

"Ndugu yangu," alimwambia kinyozi, "leo nimezaliwa upya."

"Basi tulia, mtoto mchanga, nimalize kisogo."

Jina la Kotekote alilipata kwa kipaji chake kimoja: popote ulipomtafuta, uliambiwa ametoka sasa hivi. Sasa kipaji kilikuwa kimepata karatasi.

Dukani alikuwa muuzaji. Lilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, na mwenyewe aliitwa Mama Misumari, mwanamke aliyeacha shule akiwa darasa la saba na ambaye hajaacha kuisikitikia. Alipenda elimu, lakini zaidi alipenda kitu cha bure. Aliisoma barua ya chuo mara mbili, akavua miwani.

"Nenda ukasome, mwanangu. Mshahara sikukati. Ila kila ukirudi, unikalishe hapa unieleze mlichosoma. Nikulipie akili, nami nipate japo makombo yake."

"Mama, makombo? Utapata sahani nzima."

Chuoni palikuwa na Mwalimu Dakika, aliyefunga mlango wa darasa dakika ileile iliyoandikwa kwenye ratiba, hata kama mguu wako mmoja umeshaingia. Huyo hakuwa mtu wa kuchezewa, isipokuwa kwa upande mmoja tu: alikuwa anajenga. Kuta zilikuwa zimesimama mwaka wa pili sasa, zikinyeshewa. Kotekote alimpa barua ya duka, kisha akashusha sauti.

"Na mabati, mwalimu, tutaangaliana kindugu."

Mwalimu Dakika alitazama dari, kama mtu anayeliona paa lake kwa mbali. "Kijana mwenye bidii kama wewe," alisema, "nitamwandika yupo."

Basi ikawa hivyo. Duka lilijua yuko chuoni, chuo kilijua yuko dukani, na yeye alikuwa kwa kinyozi akicheza drafti, akila mshahara wa huku na mahudhurio ya kule. Historia ya elimu ya juu imewaona wavivu wengi, lakini wenye mihuri ni wachache.

Tabu ilikuwa moja tu, yale makombo. Jioni ya kwanza Mama Misumari alimsubiri mlangoni na daftari jipya la kurasa mia mbili, kalamu imeshafunguliwa.

"Haya. Mmesoma nini?"

Kotekote alizungusha macho dukani. Kulikuwa na mteja mmoja, mzee ambaye kiatu kilikuwa kinambana, kaketi juu ya benchi bovu la mbao akijikanda kidole.

"Leo, mama, tumesoma Kanuni ya Benchi."

"Ndiyo kitu gani?"

"Mteja akisimama, anafikiria pesa zake. Akikaa, anafikiria shida zake. Mtu amekuja kununua kitasa. Mkalishe dakika tatu, atakumbuka na bawaba. Mkalishe tano, atakumbuka kwamba mlango wenyewe umeoza."

Mama Misumari aliandika yote, ulimi ukimtoka pembeni. Wakati huohuo mzee akavaa kiatu chake, akainuka. "Hebu nipe na bawaba mbili," alisema. "Nilikuwa nimesahau."

Wiki iliyofuata duka lilikuwa na mabenchi manne. Wateja walikaa, wakakumbuka mabomba, wakakumbuka rangi, mmoja akakumbuka choo kizima. Kila jioni Mama Misumari alidai sehemu inayofuata, na Kotekote, aliyeanza kwa kumfunga kamba ya uongo, akajikuta anaipenda kamba yenyewe. Aliacha drafti akiwa anashinda ili afikirie. Sehemu ya pili ilisema benchi lisiwe na egemeo, maana mteja akiegemea, atasinzia. Sehemu ya tatu ilisema litazame makopo ya rangi, ili mtu aione nyumba yake inavyoweza kupendeza na aionee aibu. Hakuwahi kubuni kitu kizuri namna ile maishani mwake, na kilimuuma kidogo kwamba hakuna wa kumwambia ila kinyozi.

Muhula ukafika mwisho, na ulikuwa wa mwisho kabisa kwake. Asiyefikisha robo tatu ya mahudhurio jina lake lingefutwa kwenye mtihani. Nyumbani, mama yake alikuwa ameshashona gauni la mahafali, la zambarau, na kila Jumapili alilijaribu mbele ya kioo akimuuliza mwanawe kama mikono si mirefu. Kotekote alidanganya watu wengi bila kukosa usingizi, lakini hakuwa na ubavu wa kumwambia mama huyu alitundue gauni.

Orodha ya mtihani ilisomwa Alhamisi, na ilitaka mtu aje mwenyewe. Kotekote akaingia darasani kwa madaha, akaketi nyuma. Ndipo akaona, kiti cha mbele kabisa, kilemba anachokijua. Chini ya kilemba palikuwa na daftari la kurasa mia mbili.

Alinyanyuka ale kona. Mlango ukafungwa. Ilikuwa dakika yake.

"Kotekote!" alisema Mwalimu Dakika. "Karibu, nilikuwa nasimulia habari zako. Miezi miwili iliyopita nilikwenda dukani kuulizia mabati. Nikamuuliza mwenye duka, kijana wangu yuko wapi? Akanijibu, si yuko darasani kwako?"

Darasa likaangua kicheko.

"Tukatazamana," alisema Mama Misumari bila kugeuka. "Kesho yake nikaja kujiandikisha, mwalimu akalifumbia macho darasa langu la saba. Nikasema, kama kiti kimelipiwa na hakina mtu, si nije nikikalie?"

Kotekote alirudi kitini akisubiri kufukuzwa. Lakini mwalimu hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Mama huyu amenionyesha Kanuni ya Benchi. Nimeipima dukani kwake wiki sita, na ni dhahabu tupu. Mwezi ujao tunaiwasilisha kwenye kongamano la wasomi, mimi na yeye. Lakini wasomi wanauliza asili. Kwa hiyo swali ni moja tu, kijana. Kanuni hii uliisikia kwangu, humu darasani?"

Kotekote alipiga hesabu. Akisema ndiyo, basi alikuwepo, atafanya mtihani, na kanuni ni ya mwalimu. Akisema hapana, kanuni ni yake, na jina lake litasimama mbele ya wasomi, ila litafutwa kwenye orodha.

"Jibu, mwanangu, usiogope," alisema Mama Misumari, sasa amegeuka, na tabasamu lile analompa mteja aliyekwisha kukaa. "Ulikuwepo au hukuwepo?"

Alitamani kupiga kelele kwamba ni yake, tangu kiatu cha yule mzee hadi makopo ya rangi. Kisha akaliona gauni la zambarau.

"Nilikuwepo, mwalimu. Niliisikia kwako." Na kwa kuwa mazoea yana nguvu, akaongeza: "Siku hiyo ulivaa shati la bluu."

"Mashati yangu yote ni ya bluu," alisema Mwalimu Dakika, akaweka alama kwenye orodha. "Tia sahihi hapa, shahidi."

Mtihani ulipofika, swali la kwanza lilikuwa la lazima, alama arobaini: Eleza Kanuni ya Benchi. Kotekote alicheka kwa sauti hadi msimamizi akamkaripia. Akaandika kurasa nane. Akaomba karatasi ya nyongeza, akaweka na sehemu ya nne, ambayo hata kinyozi hakuwa ameisikia.

Alipata kumi na moja. Pembeni, kwa wino mwekundu, paliandikwa: Hujaielewa kanuni. Arudie. Amwone mwandishi mwenza.

Mama Misumari alipata thelathini na nane.

Nyumbani, mama yake alilikunja gauni taratibu, akasema mikono ilihitaji kupunguzwa hata hivyo. Kotekote aliona aibu ya kweli, na ilikaa naye hadi Jumatatu.

Jumatatu saa mbili Mama Misumari alikuwa na barua mpya. Chuo kilimruhusu awafundishe wanaorudia mtihani, huko huko dukani kwake. Muhuri ulikuwa halali. Akatoa madaftari mawili kwenye mkoba mmoja, la zamu za duka na la mahudhurio ya chuo, akaweka alama ya vema kwenye yote.

"Kaa, mwanangu. Mteja akisimama, anafikiria nini?"

"Pesa zake, mama."

"Umekosea. Soma ukurasa wa tatu, tumeuboresha."

Hivyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze chuo, Kotekote alikuwa kazini na darasani kwa wakati mmoja. Alisoma ukurasa wa tatu, na wa nne, hadi mgongo ukaanza kumuuma. Akarudi nyuma aegemee kidogo, akakuta hakuna egemeo.