Paka Ministre na Fotei ya Wakwe

Jumatano, 4 Juni
Msiba! Fotei yetu mpya, kile kiti cha sponji cha sebuleni, imechanwa mkono. Mhalifu: Ministre, paka wa mke wangu Marceline. Na Jumapili wazazi wa mchumba wa binti yetu Marlène wanatoka Shituru kuja kutufahamu. Watadhani tumeiokota jalalani! Nikamgombeza paka. Akapiga mwayo.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepaka fotei pilipili. Akili hiyo! Ministre akanusa, akapiga chafya, akahamia upande wa nyuma. Mimi nikasahau, nikaegemea, nikajifuta macho. Marceline aliniosha uso huku akicheka. Anasema paka ni mzima, mgonjwa ni mimi.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemvalisha Ministre soksi. Yaani, nimejaribu. Mikono yangu sasa inafanana na fotei. Nikakimbilia kwa Tshimanga, daktari wa mifugo. Alieleza kwamba paka hakwaruzi kwa uadui: anavua ganda kuukuu la kucha, ananyoosha mgongo, anaacha harufu yake anapopapenda. Nisimpige. Nisimamishe gogo refu lisiloyumba kando ya fotei, nilizungushie kamba, na akilitumia nimpe dagaa.
“Paka ni lazima akwaruze, papa,” alisema. “Weye umuchagulie tu fasi ya kukwaruza.”
Daktari yuko upande wa paka. Lakini sina mbinu nyingine.

Jumamosi, 7 Juni
Gogo tayari! Nimelipiga msasa, nikalizungushia kamba, kichwani vanishi. Ministre akalikumbatia, akakwaruza kwa raha zote. Fotei hakuitazama hata kidogo! Marceline akapiga vigelegele, akamtupia dagaa. Mimi nikaona nyuzi za kamba zinachomoka. Roho ikaniuma. Kazi ya mikono yangu! Nikamfukuza, nikalifunga gogo kwa plastiki.

Jumapili, 8 Juni
Wakwe wamekuja. Baba wa kijana, Mzee Symphorien, alilizunguka gogo akauliza ni sanaa ya nani. Yangu! Nikavimba kifua. Wakati huohuo Ministre alikuwa anaimaliza fotei, kwa kelele, nyuma ya mama wa kijana aliyeikalia. Mama aliaga na sponji imemganda kwenye sketi. Marlène amejifungia chumbani analia.
“Toa ile plastiki!” Marceline alifoka. “Ile gogo uliifanyia paka, ao ulijifanyia weye?”
Wanawake hawaelewi sanaa. Suluhisho ninalo: kesho namtafutia Ministre fotei yake mwenyewe, asije akaligusa gogo langu.