Uwepo Endelevu Kitini

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane, bendera ikiwa imeshapandishwa, Pak Gunarto, yaani Bwana Gunarto, Mkuu wa Idara ya Nidhamu ya Watumishi, alitangaza kuzaliwa kwa Waraka Namba 14 kuhusu Uwepo Endelevu Kitini. Uchunguzi wake, alisema, ulibaini kwamba mwananchi akija ofisini akakuta kiti kitupu, imani yake kwa dola hupungua. Kuanzia siku hiyo mtumishi anayetaka kwenda msalani angejaza fomu nakala tatu, aeleze aina ya haja na muda unaokadiriwa, kisha asubiri idhini ya mkuu. Ufunguo wa choo ulikabidhiwa kwa Bu Winarsih, yaani Bibi Winarsih, karani mwenye miaka ishirini na sita kazini, ambaye hajawahi kupoteza hata pini.

Pak Gunarto hakuwa kiongozi wa maneno matupu. Alikaa kuliko wote. Tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni hakunyanyuka, na ili asishawishike kunyanyuka, hakunywa maji. Mchana alikula wali na tofu ya kukaanga hapohapo mezani. Mboga za majani aliziacha, maana zilimletea haja.

Wiki ya tano, akiwa nyumbani, alikwenda haja kubwa akahisi anatoa kipande cha chupa. Matone ya damu nyekundu yakafuata, na moto ukamwakia huko nyuma kwa saa mbili. Akajiambia ni bawasiri, ugonjwa wa heshima unaowapata wakuu. Akanywa dawa ya mitishamba ya mama mchuuzi, haikufua dafu. Basi akaanza kukiogopa choo kama watu wanavyomwogopa mkaguzi. Akabana siku tatu, nne, na ya tano ikawa mbaya kuliko zote. Mkewe, Bu Marsiti, akamwambia kilio chake kimewatawanya kuku wa jirani, akampeleka kituo cha afya.

Aliingia kwa daktari amevaa kofia na barakoa. Dokta Ambar, ambaye kwa umri angekuwa binti yake, alimsikiliza akizunguka mbuyu kwa muda, kisha akamkatiza.

"Unapata choo mara ngapi, Pak?"

"Kwa mujibu wa ratiba."

"Ratiba ya nani?"

"Ya idara."

"Utumbo hausomi waraka, Pak. Lala ubavu."

Alitazama tu, hakuingiza kidole wala chombo, na dakika moja haikuisha. Si bawasiri, alisema, ni mpasuko: ngozi ya njia ya haja kubwa imechanika, kama pembe ya mdomo inavyochanika. Choo kikibanwa kinakauka, kikikauka kinachana, kikichana mtu anaogopa na kubana tena. Akamwandikia mafuta ya kulegeza msuli, apake asubuhi na jioni. Ale papai na mchicha, anywe maji, akalie beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi kila atokapo chooni. Ajipe wiki sita mpaka nane. Isipopona ndipo wazungumzie upasuaji mdogo.

"Na ukiitwa, nenda hapohapo."

"Hata saa za kazi?"

"Hasa saa za kazi."

Kesho yake, saa nne, aliitwa. Papai halina urasimu. Akaenda kwa Bu Winarsih kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, akapewa fomu, akaijaza, akataka kujiidhinisha. Bu Winarsih akamfungulia waraka kwenye kifungu cha sita: mwombaji asijiidhinishe mwenyewe, ili kuzuia upendeleo.

"Hiki nani alikiandika?" aliuliza Pak Gunarto, jasho likimtiririka.

"Wewe, Pak. Tena ulikipigia mstari."

"Sasa mimi ananiidhinisha nani?"

"Mkoa, Pak. Barua naituma leo leo."

Alikimbilia nyumbani kwa pikipiki ya kukodi, akarudi, akajiandikia onyo la kuacha kiti.

Mkoani barua ilisomwa kwa mshangao. Mkuu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani hajawahi kuonekana. Badala ya idhini ukaja ugeni: Naibu Gavana mwenyewe, Pak Hendrawan, na tuzo ya nidhamu, kiti cha msaji kilichochongwa kichwa cha joka, bila mto. Pak Gunarto alitakiwa akikalie mbele ya wageni hotuba zikisomwa. Hotuba zilikuwa saba.

Katikati ya hotuba ya pili alisimama. Angeweza kusema amesimama kwa heshima ya taifa, na maneno hayo yalishamfika mdomoni, lakini maumivu yalikuwa yamemchosha asiweze kusema uongo.

"Nina mpasuko," alisema kwenye kipaza sauti. "Huku nyuma. Nimeupata kwa kukaa na kubana, na sasa tiba yangu ni mafuta na beseni la maji ya uvuguvugu. Na waraka ni wangu."

Hakuna aliyecheka. Kisha fundi wa kompyuta akasimama taratibu. Akafuata mhasibu, wakafuata wawili wa masjala, mpaka wakafika kumi na tisa kati ya watumishi thelathini na wanne, kila mmoja akiwa amejificha wiki kadhaa akidhani yuko peke yake. Wa mwisho kusimama alikuwa Bu Winarsih.

Waraka ulifutwa kabla ya chai. Wakati wa kuagana Pak Hendrawan alimvuta Pak Gunarto nyuma ya gari, akatazama kushoto na kulia.

"Hayo maji ya beseni," alinong'ona, "yanatiwa chumvi?"

"Dokta alisema maji matupu, Pak."

Naibu Gavana akaandika hayo nyuma ya karatasi ya hotuba yake. Halafu akaomba aandikiwe jina la mafuta, karatasi mbili. Ya pili, alisema, ni ya kupeleka juu.