Wasomaji Tisa wa Tarumbeta

Jumatatu, 9 Juni

Jana jioni mwanablogu Kipaza aliandika mstari mmoja tu: "Mbona waziri wetu anaonekana mchovu?" Leo asubuhi magazeti yote matatu yana picha ya waziri akikimbia mazoezi, taulo shingoni, meno nje. Mstari mmoja! Mimi nina miaka kumi na minne katika ofisi ya meya na sijawahi kumkimbiza hata paka.

Kazi yangu ni mkasi na gundi. Nakata habari zinazotuhusu, nazibandika kwenye karatasi, nazipanga katika faili la bluu, na saa tatu kamili faili liko mezani kwa Mheshimiwa Meya. Habari za kwenye simu hazitaki. Anasema habari isiyokunjika haiaminiki.

Sasa mpiga picha wa ofisi, yule anayekumbatia kishikwambi chake kutwa nzima, amemshauri Meya akifunge kitengo cha vipande vya magazeti. Kitengo ni mimi. Mwisho wa mwezi nitapelekwa stoo ya mabomba.

Nimewaza mchana kutwa. Kwa nini Kipaza anaogopwa? Kwa sababu kila siku anatukumbusha kwamba anaogopwa. Mtu wa namna hiyo ni wa kuvuliwa kofia. Jioni nimefungua blogu yangu mwenyewe. Inaitwa Tarumbeta. Chini ya jina nimeandika: "Sauti inayowanyima usingizi wakubwa." Mke wangu kauliza wakubwa gani. Nimemwambia asubiri.

Jumanne, 10 Juni

Wasomaji tisa. Kuna kihesabio chini ya ukurasa, nacho hakina aibu. Sita ni mimi mwenyewe, nikiingia na kutoka kuangalia kama kuna msomaji. Wa saba mke wangu. Wa nane shemeji, aliyebonyeza kwa bahati mbaya. Wa tisa mama mkwe, tena kaacha maoni: "Hongera mkwe wangu kwa kazi nzuri. Ule mlango wa jikoni ulioahidi kuutengeneza tangu mwaka jana bado haufungi."

Mama hajui kwamba maoni yanaonekana na dunia nzima. Bahati nzuri dunia nzima bado haijafika.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini mimi kibaba changu kina wiki tatu. Nikiwa naosha gundi vidoleni, akili ikafunguka. Kwani nahitaji wasomaji wangapi? Nahitaji mmoja. Na huyo mmoja anasoma chochote nitakachobandika.

Jumatano, 11 Juni

Nimebandika. "Wananchi wachoshwa na vikao vinavyochelewa", katikati ya magazeti mawili makubwa, na juu yake: "Kutoka Tarumbeta, blogu inayosomwa na maelfu." Si uongo. Ni makadirio.

Kikao cha saa nne kimeanza saa nne! Haijawahi kutokea katika jengo hili. Mhasibu kaingia mbio, kikombe mkononi, kiatu kimoja hakijafungwa. Katibu muhtasi ananiambia Meya kauliza mara mbili Tarumbeta ni nani. Nimejibu kwamba hajulikani, ila anajua mengi. Kwa furaha nikakata picha ya gavana wa benki katikati.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimeandika kuhusu ngazi za jengo zisizo na taa. "Wachambuzi wa siasa wanakubaliana kwamba giza hili si la kawaida." Wachambuzi ni mimi na shemeji. Shemeji alikuwa anatafuna, lakini aliitikia kwa kichwa.

Saa sita mchana fundi umeme yuko juu ya ngazi yake. Balbu nne mpya. Kuhusu balbu hizo nimewahi kujaza fomu saba kwa jina langu halisi, na hakuna aliyenijibu. Nilisimama chini ya mwanga ule nikajisikia mtu mkubwa, nasema kweli.

Mpiga picha kaniuliza kwa kunong'ona kama huyo Tarumbeta ni mtu wa kuogopwa. Nimemwambia ni hatari, ajihadhari.

Mke wangu anashauri nimwandikie Meya barua ya kawaida, nimwombe nisihamishwe. Nimemweleza kwamba barua huomba, blogu huamuru. Akasema basi blogu iamuru niende kwa mama yake Jumamosi na nyundo. Nimemjibu taifa kwanza.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepiga la mwisho: "Kitengo cha vipande, uti wa mgongo wa manispaa." Aya sita. Nililia kidogo kwenye ya nne.

Saa tano nikaitwa. Mpiga picha alikuwa keshaketi. Meya kavaa miwani, kasoma yote kwa sauti, kakubali kila neno. Akasema mwandishi huyu ni hazina, anaona kila kitu na anasema kwa ufupi. Kwa hiyo haoni haja ya mkasi na gundi tena. Kuanzia sasa atamsoma Tarumbeta mwenyewe, moja kwa moja, hata kama hakunjiki, na kitengo kifungwe Jumatatu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ingeishia hapo ningeshukuru. Mpiga picha akatoa kishikwambi amwonyeshe Mheshimiwa pa kubonyeza. Nikakohoa. Nikasema leo mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Meya akainama, akatafuta yale maelfu, akafika chini kabisa. Kumi na moja. Na chini ya kumi na moja, maoni matatu ya mama mkwe. La tatu lilisema: "Mkwe, najua mkasi wa pale kwa Meya umekubana, lakini jana paka kaingia tena jikoni."

Meya akavua miwani. Hakufoka. Alisema siku mbili hizi amekuwa akiamka alfajiri kwa hofu ya mtu anayemletea faili kila asubuhi. Nilitamani ardhi inimeze. Stoo, Jumatatu.

Jumapili, 15 Juni

Kipaza kaniandika!

Mpiga picha ndiye aliyempelekea habari, kwa nia ya kunidhalilisha. Na Kipaza, kama kawaida yake, kamaliza kwa mstari mmoja: "Wasomaji kumi na mmoja, meya mmoja, mlango mbovu." Nimeusoma nimesimama. Hakuna neno la ziada. Yule si mtu wa kawaida.

Hadi saa sita mchana Tarumbeta lina wasomaji elfu arobaini, na wote wako upande wa mama mkwe. Wanauliza mlango utatengenezwa lini. Wanauliza paka anaendeleaje. Saa nane mgombea wa upinzani kaahidi mlango mpya. Saa tisa Meya, asije akapitwa, kamtuma seremala wa manispaa na bawaba mpya, Jumapili hii hii, pamoja na mpiga picha.

Mimi nilifika saa kumi na nyundo yangu. Mlango unafungika kwa kidole. Mama alikuwa anamkaribisha seremala chai ya pili. Kaniambia bila hasira kwamba angejua mapema angemwandikia Kipaza tangu mwaka jana, asinisumbue mkwe wake. Simu yake ikalia. Watu wanamwomba atoe msimamo kuhusu barabara.

Niliona wivu. Lakini nilimwonea fahari pia.

Jumatatu, 16 Juni

Stoo. Mabomba ya inchi nne kushoto, ya inchi sita kulia, dirisha moja. Asubuhi mke wangu aliniuliza kwa upole kama kuna nililojifunza. Nikamwambia ndiyo: aya sita ni nyingi, mstari mmoja unatosha.

Kazi yangu mpya ni kuandika orodha ya mabomba yaliyotoka. Msimamizi kanielekeza: karatasi moja kila siku, mwandiko usomeke, na saa tatu kamili iwe mezani kwa Mheshimiwa Meya aisaini.

Nimeigeuza hiyo karatasi. Upande wa nyuma ni mweupe kabisa.